Kuku kang'atwa na mbwa: maswali yenu na majibu

Safari hii barua karibu zote zimekuja na kilio kimoja, mbwa kaingia kwenye kuku. Nimechukua tano, na hii ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana ndani yake kuna karibu kila kitu ambacho wengine pia mmeuliza.

SWALI: Shikamoo shangazi. Jana jioni mbwa wa jirani aliruka ukuta akaingia uani kwangu, nina matetea sita tu nafuga kwa ajili ya mayai ya nyumbani, akamkamata mmoja mgongoni akawa anamtikisa huku na huku mpaka nilipopiga kelele ndo akamwachia. Manyoya yametapakaa uwanja mzima. Mgongoni ngozi imechanika kama urefu wa kidole, damu si nyingi, basi nikamwosha nikampaka marhamu niliyokuwa nayo ndani nikamrudisha bandani alale na wenzake. Leo asubuhi nimemkuta kajikunyata kwenye kona, macho kafumba nusu, hali wala hanywi, na wenzake wanamdonoa palepale kwenye kidonda. Huyu kuku nampenda sana shangazi, ndo wa kwanza kuanza kutaga kati ya wote, na hapa nyumbani kila mtu ananiambia nimchinje tu yaishe. Nifanyeje?
Mama wa matetea sita

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Usimchinje bado. Kwanza nenda kamtoe bandani sasa hivi hata kabla hujamaliza kusoma, maana kuku akiona wekundu kwenye mwili wa mwenzake atadonoa, hata awe ndugu yake walioanguliwa siku moja, na hawaachi mpaka wamemfikia nyama.

Ukishamtoa, tafuta boksi lenye matundu ya hewa, tandika taulo au kitambaa kikavu, muweke humo kwenye chumba chenye giza na utulivu. Kuku aliyetoka mdomoni mwa mbwa anaweza kufa kwa mshtuko hata kama kidonda chenyewe si cha kumuua, yaani mwili unapoa, damu haizunguki vizuri, anasinzia hivyo hivyo mpaka anazima. Kuku mzima joto lake ni kama nyuzi 41, ni juu kuliko letu, kwa hiyo chumba ambacho wewe unaona ni cha kawaida tu yeye akiwa hoi kwake ni baridi. Jaza chupa maji ya moto, izungushie kitambaa, iweke upande mmoja wa boksi, upande mmoja tu ili akizidiwa na joto aweze kusogea. Ukimkuta anahema mdomo wazi na mabawa kayaachanisha na mwili ujue umezidisha, itoe. Halafu funika boksi na umwache. Najua watoto wanataka kuchungulia na wewe mwenyewe unataka kuchungulia, ila kila mkiinua kile kitambaa anaona kama mbwa karudi.

Maji muwekee kwenye kibakuli kifupi. Asipokunywa mwenyewe, chovya kidole kwenye maji umdondoshee pembeni mwa mdomo, tone moja moja, subiri ameze ndo lingine. Usimfungue mdomo ukammiminia jamani, tundu la pumzi la kuku liko palepale nyuma ya ulimi, ukimimina yanaingia kwenye mapafu na umemuua wewe badala ya mbwa. Chakula kisikusumbue siku ya kwanza, maji ndo muhimu.

Kuna jambo kwenye barua yako limenishtua. Umeniandikia jeraha moja tu, la mgongoni.

Mdomo wa mbwa una meno juu na chini. Akimbana kuku mgongoni, meno ya chini yameingia mahali, ubavuni, chini ya bawa, kwenye paja, tumboni. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na tetea mwekundu, mpole, wa kubebeka kama mtoto, akang'atwa hivi hivi. Nikaona mchaniko mgongoni nikauosha vizuri, ukakauka vizuri, nikafurahi kabisa. Siku ya nne akafa. Nilipomgeuza nikainua bawa ndo nikaona chini yake vitundu viwili, kila kimoja hakizidi punje ya dengu, na nyama ya pembeni imeshaoza. Siku zote nne nilikuwa nahangaika na kidonda kinachoonekana, kile kilichomuua sikuwahi hata kukigusa. Mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo akishatulia, baada ya saa chache za joto na giza, mchukue tena mkague mwili mzima. Mfunge taulo mwili aonekane kichwa tu, mshikilie juu ya mapaja yako ila usimbane kifua, maana kuku hana kiwambo kama sisi, ule msuli wa chini ya mapafu unaotuvutia hewa, anapumua kwa kutanua na kurudisha kifua chake, ukikibana hawezi kuvuta hewa hata kama pua ziko wazi. Fungua taulo sehemu moja moja. Lowesha vidole kwa maji ya vuguvugu upasue manyoya mstari kwa mstari mpaka uone ngozi, anza shingoni, mgongo, chini ya mabawa yote mawili, mapaja kwa ndani, tumboni, mkia mpaka kwenye njia yake ya kutagia. Manyoya yaliyogandamana na damu au yenye unyevu usioeleweka, hapo ndo pa kusimama. Kila tundu unaloliona dogo lichukulie ni mdomo wa shimo refu, maana jino limeingia mpaka ndani, likatoka, na ngozi ikarudi kujifunga juu yake.

Kuosha sasa. Chemsha maji nusu lita, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yaache yapoe mpaka vuguvugu. Chukua bomba la sindano lisilo na sindano yenyewe, vuta maji, mwagia kidonda kwa nguvu ya wastani, rudia tena na tena mpaka yanayotoka yawe safi. Kuosha kwa maji mengi kunasaidia kuliko dawa yoyote utakayopaka juu. Yale manyoya yanayoangukia kwenye kidonda yapunguze kwa mkasi, usiyang'oe, ngozi ya kuku ni nyepesi mno ukivuta inachanika zaidi, na usikate yale yanayochipua yenye kijiti cheusi au cha bluu kwa ndani, yana damu hayo. Ukimaliza paka iodini iliyochanganywa na maji mpaka iwe na rangi ya chai nyepesi. Spirit hapana, na yale maji ya kutoa povu, hydrogen peroxide, usiyapake kila siku maana yanaunguza hata nyama mpya inayoota. Na hiyo marhamu uliyompaka jana isome kwenye boksi lake, kama ina dawa ya ganzi ndani yake iache kabisa, ndege wanadhurika nazo haraka.

Kama kuna sehemu bado inavuja damu, weka kitambaa safi ukandamize kwa kidole dakika tano hadi kumi mfululizo bila kuinua kuangalia. Tetea wa kilo mbili ana damu kama kikombe kidogo tu mwili mzima, kwa hiyo kinachoonekana kidogo kwako kwake si kidogo.

Kuna vidonda hivi usivimwagie maji. Ukiona mapovu yanatoka kidondani kila akipumua, au ukibonyeza ngozi inalia chiriri kama mfuko wa plastiki, basi jino limetoboa vifuko vya hewa. Kuku ana vifuko vya hewa vimeenea mwilini mpaka kwenye baadhi ya mifupa, mfupa mkubwa wa bawa ule wa karibu na bega umeungana navyo, ukisukumia maji pale unamzamisha akiwa mikononi mwako. Funika na kitambaa safi, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Vivyo hivyo kama kidonda kiko chini ya shingo na chakula au maji aliyokunywa yanatokea hapo, kile kifuko chake cha chakula kimepasuka, kinahitaji kushonwa na mtu anayejua.

Lakini wewe mwenyewe usishone, hata mchaniko wa mgongoni ukikutazama vibaya. Umeshafungia uchafu wa mdomo wa mbwa ndani, na mdomo wa mbwa una bakteria, wakiwemo jamii ya Pasteurella, walewale wa kipindupindu cha kuku, wakikaa kwenye shimo lisilo na hewa wanaingia kwenye damu. Ndo maana kwa meno yaliyozama nasema mwone daktari wa mifugo akupe antibiotiki ya kuku na kipimo chake kulingana na uzito, pamoja na dawa ya maumivu, maana kuku anaumia sana ila anaficha. Vidonge vyenu vya ndani msimpe kwa kukisia. Mchaniko ulioachwa wazi ukawa safi unajaza nyama kutoka chini kwenda juu, wiki mbili tatu hivi utashangaa mwenyewe, kuku wana mwili wa kupona nakwambia.

Kila siku osha mara mbili, na kila siku fungua manyoya upya uangalie. Nusa pia. Na ujue kwamba usaha wa kuku haumiminiki kama wetu, unaganda ukawa mgumu wa njano kama jibini kavu, kwa hiyo usisubiri kitu kitoke, ukikuta uvimbe mgumu chini ya ngozi huo ndo usaha wenyewe na unatakiwa kutolewa na daktari. Nzi nao usiwape nafasi hata mchana mmoja, wanataga kidondani na ndani ya siku moja mabuu yameshaanza kula, muweke ndani au funika boksi kwa chandarua.

Akianza kula mpe chakula chake alichozoea ukiloweshe, na yai la kuchemsha ulilopondaponda, anahitaji protini sana kwa sababu manyoya yenyewe karibu yote ni protini na anayo kazi ya kuyaotesha. Ukiona kinyesi cha kijani usishtuke siku za mwanzo, ni kuku asiyekula. Kama una mizani mpime kila asubuhi, uzito unasema ukweli kabla ya macho.

Nikwambie na upande wa pili kwa sababu umeniuliza kwa uwazi. Kutikiswa na mbwa kunaweza kuvunja uti wa mgongo au kupasua vitu vya ndani bila tone la damu nje. Kama utumbo umetoka, kama miguu imelegea kabisa na vidole havishiki kitu ukivigusa, kama anahangaika kuvuta pumzi na upanga wa kichwani unageuka zambarau, hapo kumpumzisha haraka na mtu mwenye mkono wa uhakika ni huruma, usimwache ateseke siku tatu kwa sababu unampenda. Ila kuku anayesimama kwenye kona kajikunyata, huyo bado anapambana.

SWALI: Shangazi, mbwa alimwachia kuku wangu nikamkuta amelala chali macho wazi hajitingishi, nikajua kafa nikamweka kwenye ndoo nimzike baadaye. Nimerudi kakaa ndani ya ndoo ananiangalia. Hii ni kitu gani?

JIBU: Ni hofu. Kuku akishikwa na asione pa kukimbilia mwili wake unaganda, anaweza kukaa hivyo sekunde chache au dakika kadhaa, watu wameliona zamani sana, mwaka 1646 padri Athanasius Kircher alieleza jinsi kuku aliyelazwa chini akachorewa mstari wa chaki mbele ya mdomo anavyobaki pale pale bila kusogea. Pengine ndo ilimfanya mbwa amwachie, maana mbwa anachangamkia kinachokimbia. Kwa hiyo wote mnaosoma, kabla hujazika shika kifua uone kama kinapanda na kushuka, gusa jicho uone kama kope inafunga. Na wako huyo mfanyie kama nilivyoeleza hapo juu, boksi, joto, giza, halafu mkague mwili mzima. Hesabu na wenzake pia, wanaokosekana huwa wamejibana kwenye vichaka, wengine hawatoki mpaka jioni, na wazima nao wakague.

SWALI: Leo siku ya nne tangu ang'atwe. Vidonda vinakauka ila ngozi yote ya pembeni mpaka kwenye paja imekuwa KIJANI, kijani kabisa kama jani. Mume wangu anasema ameoza atupwe. Ameoza kweli?

JIBU: Dada yangu, usimtupe! Hiyo ni damu iliyovilia chini ya ngozi. Sisi tukigongwa tunakuwa bluu halafu njano, ndege damu yake ikivilia inageuka kijani kibichi baada ya siku mbili tatu, ndivyo mwili wake unavyoivunja ile damu, na inafifia yenyewe. Ngozi iliyooza ni nyingine, inakuwa nyeusi, ya baridi ukiigusa, inalowana au inakauka kama ngozi ya kiatu, na harufu yake huwezi kuikosea. Weka mgongo wa vidole pale penye kijani, kama kuna joto la kawaida na hapanuki na kuku anakula, muonyeshe mumeo hii barua. Kama kuna harufu, daktari wa mifugo leo leo.

SWALI: Mbwa asiyejulikana aliingia, nikamvuta kuku kutoka mdomoni mwake, akaniparura mkono kwa meno kidogo tu. Kuku anaendelea vizuri. Daktari wa mifugo kampa antibiotiki, swali langu ni mayai yake naweza kula?

JIBU: Ndugu yangu, mayai baadaye, tuanze na mkono wako. Hiyo "kidogo tu" inanitisha. Osha sasa hivi kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili kwa saa, halafu nenda hospitali leo, si kesho, uwaambie ni mbwa usiyemjua. Kichaa cha mbwa kina chanjo inayozuia ukiwahi, dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Hata mkwaruzo unahesabika. Kuku kupata kichaa ni nadra mno ila mate ya mbwa yapo kwenye manyoya yake, mshike kwa glavu, na asichinjwe kuliwa.

Mayai sasa: usile. Dawa inaingia kwenye yai na kuchemsha hakuitoi kwa uhakika. Mpigie daktari aliyekupa umuulize jina la dawa na siku za kusubiri tangu kipimo cha mwisho, kuna dawa za siku chache na kuna nyingine haziruhusiwi kabisa kwa kuku wa mayai. Huenda hata hatataga, kuku aliyeshtuka anasimama wiki au zaidi, na akirudi yai la kwanza linaweza kuja na ganda laini au bila ganda. Hilo halina shida. Shida ni ukimwona anasukuma, mkia chini, anatembea kasimama wima kama mtu, hapo pengine yai limekwama au limevunjikia ndani wakati wa kung'atwa, usisubiri.

SWALI: Mbwa aliyefanya hivi ni wetu wenyewe, tumemlea tangu mdogo. Kaka yangu anataka kumfunga kuku aliyekufa shingoni ili akome. Na yule kuku aliyepona nimrudishe lini bandani?

JIBU: Hilo la kumfunga mzoga shingoni mwambie kaka aache kabisa, mbwa haunganishi ule uvundo wa leo na alichofanya juzi, anateseka bure na kesho kuku akikimbia mbele yake atamfukuza tena. Mbwa anavutwa na kile kitu kinachopapatika na kukimbia, hana chuki na kuku. Cha kufanya ni wasikutane bila mtu, mbwa akiwa huru kuku wafungiwe, kuku wakiwa nje mbwa awe kwenye kamba, na mazoezi ya kumtuliza mbele ya kuku yafanyike akiwa amefungwa kamba hiyo hiyo, kidogo kidogo, wiki nyingi.

Angalia na banda. Ule wavu mwembamba wa matundu ya pembe sita unazuia kuku asitoke tu, mbwa anauchana kwa meno. Tumia waya mnene uliochomelewa, na chini uulaze kwa nje kama sentimita 30 ukae juu ya ardhi na mawe juu yake au uufukie, maana mbwa anachimba pale pale ukuta unapogusa chini, akikuta waya anaacha.

Kumrudisha, subiri mpaka kidonda kimefunga kabisa na hakuna wekundu unaoonekana. Akiwa bado anapona muweke mchana kwenye kizimba kidogo kando ya wenzake waonane kwa waya, kuku wakipotezana wiki mbili wanaanza kugombania cheo upya kana kwamba ni mgeni. Siku ya kumwingiza mpandishe kwenye fito za kulalia jioni giza likiingia, wakae mahali pakubwa na vyombo viwili vya chakula, na asubuhi uwepo pale mapema. Manyoya yaliyong'oka mzima mzima yanaanza kuchipua ndani ya wiki chache, yaliyokatika yanasubiri mpaka abadilishe manyoya mwaka ukifika, kwa hiyo usimhukumu kwa muonekano. Mchanga asiogee kabla ngozi haijafunga, vumbi linaingia kidondani. Ila ikishafunga mfungulie, na ukimwona kajilaza ubavu anajirushia vumbi huku bawa moja kalitandaza juani, basi yule mwogopee tena mbwa tu, kidonda kimeisha.